MTOTO ASIYE NA KURA

Hotuba juu ya kuwasaidia watoto na vijana katika makanisa ya Baptisti, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naishukuru Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusema mbele yenu siku ya leo, baada ya kusomwa taarifa ya Katibu na hesabu za Mweka Hazina. Mimi ni mdogo wenu kwa umri, na kazi yangu ni ukarani. Sikuja kuwafundisha wazee ulezi wa watoto, maana ninyi ndio mliotulea. Nimekuja kueleza jambo moja ambalo karani hulijua kwa sababu ya kazi yake, nalo ni hili: kitu kisichoandikwa katika daftari husahauliwa, hata kama watu wote wanakipenda. Katika makanisa ya Baptisti, ambayo baadhi yetu ni washirika wake, mtoto hayumo katika daftari ya washirika, wala hana kura katika mkutano. Basi asipokuwa na mtu mzima wa kumsemea, hupendwa kwa maneno na kusahauliwa kwa fedha.

Najua ya kuwa Chama hiki si cha dhehebu moja. Humu mna ndugu wa makanisa mbalimbali, na mna ndugu zetu Waislamu. Nawaomba wasidhani kwamba nawaletea mambo ya nyumba ya watu wengine. Chama chetu kipo ili tusaidiane katika ugonjwa, katika msiba, na katika taabu za mjini. Na kijana aliyeharibika hamwulizi jirani dini yake kabla ya kumvunjia mlango. Kadhalika kijana aliyefunzwa vema ni faida ya mtaa mzima. Hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwaka 2019 ilionyesha watu 47,564,296, ambao katika kila 4, watu 3 walikuwa hawajatimiza miaka 35. Nchi yetu ni nchi ya watoto na vijana, na anayepanga mambo bila ya kuwafikiria hao hajapanga neno.

KAWAIDA YA WABAPTISTI

Yafaa kwanza nieleze kawaida ya Wabaptisti, ili asiyewajua apate kuelewa shina la jambo. Kanisa lao la kwanza lilianza mjini Amsterdam mwaka 1609, miongoni mwa Waingereza waliokuwa wameikimbia nchi yao kwa ajili ya dini, wakiongozwa na John Smyth na Thomas Helwys. Watu hao walishika neno hili: kwamba ubatizo ni wa mtu anayeamini kwa moyo wake mwenyewe na kukiri kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Katika makanisa mengi mtoto huletwa mbele ya watu, wazazi hushukuru na kuahidi kumlea katika imani, na mchungaji humwombea. Siku atakapoamini mwenyewe ndipo atakapozamishwa majini na kuandikwa kuwa mshirika.

Neno la pili walilolishika ni kwamba kila kanisa la mahali hujitawala. Hakuna askofu aliye juu yake wa kuliamuru. Makanisa hujiunga pamoja ili yasaidiane, lakini mambo ya kila kanisa huamuliwa na washirika wake katika mkutano, kwa kura. Na kura ya mjane ni sawa na kura ya shemasi.

Maneno hayo mawili ni mazuri, nami sikusudii kuyapinga. Lakini yawekeni pamoja, nanyi mtaona kinachofuata. Kwa sababu ya neno la kwanza, mtoto si mshirika. Kwa sababu ya neno la pili, asiye mshirika hana kura, wala hapana mkubwa wa mbali atakayeleta amri kwamba watoto watengewe fungu lao. Katika kanisa lenye askofu, waraka waweza kutoka makao makuu ukasomwa kila mahali Jumapili moja. Kwa Wabaptisti waraka huo hautakuja. Washirika wakikumbuka, mtoto atapata. Wakisahau, hatapata, wala hana mahali pa kukata rufani.

Tena iko sababu kubwa zaidi ya hiyo. Kanisa linalobatiza watoto wachanga humhesabu mtoto kuwa wake tangu siku zake za kwanza. Mbaptisti hana njia ya kumpata mtoto ila kwa kumfundisha, na kumngojea kwa subira mpaka aseme mwenyewe. Kwa hiyo mafundisho ya watoto kwao si pambo la ibada; ndiyo mlango wenyewe wa nyumba. Kanisa la Baptisti lisilofundisha watoto wake linangoja kuzikwa pamoja na wazee wake.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, mpiga chapa na mwenye gazeti aliyeitwa Robert Raikes aliona watoto wa maskini waliofanya kazi siku 6 za juma, na siku ya 7 wakazurura mitaani kwa matusi na magomvi. Akawaajiri wanawake wawafundishe kusoma siku ya Jumapili, akawalipa shilingi moja kwa kila Jumapili. Raikes hakuwa Mbaptisti. Lakini katika London alikuwako mfanyabiashara, William Fox, shemasi wa kanisa la Baptisti, ambaye alitamani watoto wa maskini wafundishwe kusoma Biblia. Kwanza alifikiri juu ya shule za kila siku. Aliposikia habari za Raikes akaona kwamba kwa mtoto afanyaye kazi, Jumapili ndiyo iwezekanayo. Mwaka 1785 akaanzisha chama cha kusaidia shule za Jumapili, nacho kilitoa fedha na vitabu kwa shule za madhehebu mbalimbali. Wazee wangu, nawaomba mwangalie neno hilo. Kazi ile ilienea kwa sababu watu walijiunga katika chama, wakachanga, wakaandika hesabu.

Mfano wa pili ni wa mwanamke. Mwaka 1898, katika mji wa New York, Bibi Eliza Hawes, aliyeangalia kazi ya watoto katika kanisa la Epiphany Baptist, aliona watoto wakizagaa mitaani wakati shule zimefungwa. Alikodi nyumba ya kuuzia pombe, akaitumia mchana, akawakusanya watoto humo kwa majuma 6: hadithi za Biblia, nyimbo, michezo, na kazi za mikono. Mwaka 1901 Robert Boville, wa chama cha misioni cha Wabaptisti mjini humo, aliichukua kazi hiyo akaieneza. Hiyo ndiyo asili ya shule za Biblia za wakati wa likizo ambazo makanisa mengi ya Kenya huzifanya mpaka leo. Yeye asemaye kwamba hatuna jumba, basi na akumbuke kwamba kazi hiyo ilianza katika baa.

Mfano wa tatu watuhusu sisi wa Afrika. George Grenfell, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1849, alisoma katika shule ya Jumapili ya kanisa la Baptisti la Heneage Street, mjini Birmingham. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima aliingia Kongo mwaka 1878, na tangu mwaka 1884 alipita katika mto ule mkubwa na mito iingiayo humo kwa meli ndogo iitwayo Peace, akichora ramani na kufungua vituo, mpaka alipokufa Basoko mwaka 1906. Mwalimu aliyemkalisha bangoni, Jumapili baada ya Jumapili, hakuweza kujua anamfundisha nani. Hakuna mwalimu ajuaye.

Iko Birmingham nyingine, ya Alabama katika Marekani, na habari zake ni za huzuni. Siku ya Jumapili, tarehe 15 Septemba 1963, katika kanisa la 16th Street Baptist, watoto walikuwa wamemaliza mafunzo yao ya asubuhi, na ibada iliyokuwa ikifuata ilikuwa imetengwa kuwa siku ya vijana. Watu wenye chuki ya rangi walikuwa wametega baruti. Wasichana 4 waliuawa: Denise McNair, wa miaka 11, na Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wa miaka 14 kila mmoja. Miezi michache kabla ya hapo, watoto na vijana walikuwa wametoka katika kanisa lilo hilo kuandamana kudai haki za watu weusi. Mtu wa kwanza katika wauaji hao alihukumiwa mwaka 1977, na wengine wawili mwaka 2001 na mwaka 2002. Nalitaja jambo hili kwa sababu adui aliona neno ambalo sisi huchelewa kuliona: kwamba nguvu ya kanisa lile ilikuwa katika watoto wake.

Hapa kwetu, wamisionari wa Baptisti kutoka Marekani walianza kazi yao mwaka 1956, Kenya na Tanganyika. Waliokuwa watoto siku zile ndio wazee wa makanisa leo. Wako katika ukumbi huu ambao wamejifunza nyimbo zao za kwanza chini ya mwembe, na waliowafundisha hawako tena. Deni hilo halilipwi kwa walimu waliokwisha kufa. Hulipwa kwa watoto walioko.

HALI TUNAYOIONA

Sasa nitasema juu ya hali niliyoiona katika makanisa kadhaa, ya mjini na ya shambani. Ibada ikianza, watoto huimba wimbo mmoja mbele ya watu, wakubwa hupiga makofi, kisha watoto hutolewa nje. Huko nje, chini ya mti au katika jiko la kanisa, hungojewa na msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na hajapata kazi. Anao watoto 50, wa miaka 3 mpaka 13, wote pamoja. Hana ubao wala chaki. Atawasimulia habari za Nuhu, kwa kuwa ndizo azijuazo, na wakubwa wa miaka 13 wamekwisha kuzisikia tangu walipokuwa wa miaka 3. Hao wakubwa ndio wa kwanza kutoroka, nasi tukishangaa walikokwenda.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mwalimu huyo hasikii mahubiri. Mwaka mzima yuko nje na watoto, naye ni kijana ambaye roho yake yahitaji chakula kama roho ya mtu mwingine. Baada ya miaka 2 au 3 huchoka, huacha, na watu husema kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Katika kanisa moja, ambalo sitalitaja, nilialikwa kusaidia kupanga hesabu, nikakaa katika mkutano wa makisio ya mwaka. Nilikuwa mgeni, sikuwa na kura. Fungu la watoto lilikuwa limeandikwa, fungu dogo, mstari wa mwisho wa ukurasa. Jumla ilipozidi mapato, mtu mmoja akasimama akasema kwamba mstari ule ufutwe, maana vipaza sauti vimeharibika na wageni watatucheka. Ukafutwa kabla mtu hajamaliza kunywa chai yake. Wala hapakuwa na mtu aliyewachukia watoto pale. Wengi wao walikuwa wazazi, na sauti za watoto wao zilisikika dirishani. Mtu mmoja tu angaliweza kuutetea mstari ule, naye ni mwalimu wao. Lakini mwalimu alikuwa nje, pamoja nao.

Na vijana je? Kijana aliyebatizwa yu katika daftari, ana kura yake kamili. Lakini kazi apewayo ni kuimba, kubeba viti, na kusimamisha hema siku ya arusi. Akiuliza swali katika mkutano huambiwa angoje. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi yetu walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine walipoteza maisha yao, na mswada ukaondolewa. Mzee aliyewaunga mkono na mzee asiyewaunga mkono, wote wawili waliona jambo moja: kijana wa leo ajua kusoma makisio ya Serikali. Atashindwaje kusoma makisio ya kanisa? Tusipompa nafasi ya kuyasoma akiwa ndani, atayasoma akiwa nje.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, fungu la watoto na vijana liandikwe katika makisio ya kila kanisa, wala lisiwe mstari wa mwisho. Fedha nyingi si lazima. Tufanye hesabu. Tuseme kanisa lina washirika 80, na kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa mwezi kwa ajili ya fungu hilo. Hizo ni shilingi 1,600 kwa mwezi, na shilingi 19,200 kwa mwaka. Kwa fedha hizo watoto watapata ubao, chaki, vitabu na penseli, na uji asubuhi kwa yule aliyetoka nyumbani bila ya kula, na salio la kumpeleka mwalimu mafunzoni. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kwa mkono usioandika. Kwa hiyo fungu hilo liwe na ukurasa wake katika kitabu, na taarifa yake isomwe katika mkutano kama mafungu mengine.

Pili, tuwatunze walimu. Wasiwe mmoja; wawe angalau wanne, na kila mmoja apate Jumapili ya kukaa ibadani kama washirika wengine. Watoto wagawanywe kwa umri, hata kama vyumba hakuna: wadogo chini ya mti huu, wakubwa chini ya mti ule. Mikutano ya kanisa isifanywe saa ambayo walimu wako na watoto. Na wanaume pia wafundishe. Mtoto wa kiume akiwaona wanawake peke yao wakifundisha habari za Mungu, akifika miaka 14 hujiona amekua kupita mambo hayo.

Tatu, na hapa nawaomba wazee wanisikilize kwa makini, watoto wawe salama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya kulindwa asitendewe ukatili wala kutupwa, na yasema kwamba manufaa ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zimeeleza mengi zaidi. Kanisa haliko nje ya sheria hizo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliomfuata mhubiri mmoja, na watoto walikuwa miongoni mwao. Lile halikuwa kanisa la Baptisti. Walakini tangu siku zile mzazi ana haki ya kuuliza kanisa lo lote, Mtoto wangu mwafanya naye nini humo ndani?

Basi kila kanisa na liwe na kanuni chache zilizoandikwa na kubandikwa mlangoni. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa; wawe wawili siku zote. Mtu mgeni asipewe watoto kabla ya kujulikana anakotoka na mwenendo wake. Majina ya watoto waliokuja yaandikwe, na waliokwenda kambini wahesabiwe wakienda na wakirudi. Na likitokea ovu, liende kwa afisa wa watoto au polisi, ama mtu apige simu namba 116, ambayo ni ya watoto na haina malipo. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa kikao cha wazee, wala kwa mbuzi, wala kwa kumhamisha mtu kwenda kanisa jingine. Mbuzi huliwa siku moja. Mtoto hubeba jambo lile maisha yake yote, na kule mtu alikohamishwa wako watoto wengine.

Nne, vijana wapewe kazi yenye jina na yenye hesabu. Katika halmashauri ya fedha awemo kijana mmoja. Kijana mmoja asomee kazi ya uandishi wa kumbukumbu, mwingine aangalie mali ya kanisa. Wapewe na fedha kidogo za kazi yao, watoe taarifa, waulizwe maswali kama watu wazima. Ndiyo njia wazee walivyofunzwa nao, kwa kupewa mifugo michache waichunge, si kwa kuambiwa habari za mifugo.

Tano, tusiziache likizo zipite bure. Mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Desemba watoto wako nyumbani, na wazazi wa mjini wako kazini. Juma moja la mafunzo katika kila likizo, asubuhi peke yake, laweza kumwokoa mtoto na mengi. Makanisa mawili au matatu ya jirani yaweza kujiunga kwa kazi hiyo, na kugawana walimu na gharama.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema, Sisi tulikua bila ya mambo haya, nasi tu wazima. Ni kweli mlikua. Lakini mlikua katika mji wenye babu na nyanya, mjomba na shangazi, ambapo kila mtu mzima alikuwa na ruhusa ya kukuonya na kukulisha. Mkono mmoja haulei mwana, na nyinyi mlilelewa na mikono mingi. Mtoto wa chumba kimoja cha kupanga, ambaye baba ni bawabu wa usiku na mama yuko sokoni tangu alfajiri, ana mikono ya nani? Kanisa likimpa mikono, halileti mambo mapya. Larudisha ya zamani.

Wengine watasema, Ulezi ni kazi ya wazazi, si ya kanisa. Nami nakubali kwamba mzazi ndiye wa kwanza. Biblia yamtaja Timotheo, kwamba imani yake ilikuwa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Walakini Timotheo naye alipata mtu wa tatu, Paulo, asiyekuwa jamaa yake, aliyemchukua safarini na kumpa kazi angali kijana. Nyumba huanza, na kanisa huendeleza.

Wengine watasema, Tukiwapa vijana nafasi watatupindua. Wazee wangu, kijana asiyepewa nafasi hapindui neno, huondoka tu. Nasi tumeona makanisa ambayo hayakupinduliwa na mtu, yaliyobaki na viti vitupu.

Na wako watakaosema kwamba kanisa ni maskini. Injili ya Marko, sura ya 10, yatuambia kwamba wanafunzi waliwakemea watu waliowaleta watoto kwa Yesu, naye alichukizwa na wanafunzi wake. Wale wanafunzi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na shughuli, na waliona watoto wanazuia kazi. Ndivyo ilivyo na makisio yetu: hatuwafukuzi watoto kwa uovu, twawafukuza kwa shughuli.

MAOMBI YANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanachama walio Wabaptisti. Katika mkutano ujao wa kanisa lako, hapa mjini au huko nyumbani, simama uulize swali moja tu: Ni kiasi gani kilichoandikwa mwaka huu kwa watoto na vijana, na ni kiasi gani kilichotumika? Usigombane na mtu. Uliza, ukae, jibu liandikwe katika kumbukumbu. Mwaka unaofuata uliza tena. Mtoto hana kura, lakini wewe unayo, na hapana kanuni ikukatazayo kuitumia kwa ajili yake.

La pili ni kwa wazee wote, wa kila dhehebu na kila dini. Mara moja katika kila miezi 3, wapeni vijana wa mtaa saa moja ya kuwasimulia mlivyofika mjini, mlivyofanya kazi, mlivyojenga, na mlivyoshindwa na kuanza tena. Maneno hayo hayamo katika simu zao, na mkienda nayo kaburini hatutayapata tena. Hakuna gharama ila saa moja.

La tatu ni kwa Halmashauri. Katika hesabu zilizosomwa asubuhi ya leo tumesikia fungu la mazishi, na fungu la wajane, na fungu la ugonjwa. Hayo ni ya heshima, wala sitaki lipunguzwe hata moja. Naomba tu ufunguliwe ukurasa mmoja mwingine, wa mafunzo ya walimu wa watoto, kwa makanisa yo yote na madrasa zo zote za mtaa wetu zitakazoomba, madhali zimekubali kuandika kanuni za usalama na kuleta hesabu. Tumezoea kuchanga haraka mtu akifa. Jioni hiyo hiyo fedha hupatikana, na gari hupatikana, na chakula hupatikana. Hiyo ni sifa yetu njema. Natamani tuwe wepesi vivyo hivyo kwa mtoto aliye hai, ambaye hakuna tangazo litakalotolewa juu yake, wala mtu atakayekuja mlangoni usiku kusema anahitaji msaada.

Udongo uwahi ungali maji. Nimesema yaliyonipasa kusema, na kama nimevuka mpaka wa umri wangu, wazee watanisamehe. Nayaweka mambo haya mikononi mwa mkutano.